Msimwondolee Liyongo sindano

Mhariri,

Mimi ni mpiga matari wa Langoni. Mwezi uliopita vijana wa kikundi kimoja walinijia nyumbani na maneno matamu: wanatayarisha mchezo wa nyimbo wa Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za kale za pwani yetu, wa kutazamwa na mzee na mtoto, nami niwafundishe wasichana kupiga. Nilikubali kabla kahawa haijesha.

Hadithi hii yenyewe yataka nyimbo. Liyongo yuko kifungoni Pate. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, Mbwasho. Kizuri walinzi hula wao, mkate wa wishwa wakamtupia yeye, na tupa ya kukatia chuma imo ndani. Usiku wa ngoma ya gungu watu wanapiga matari, matoazi na siwa kwa nguvu zao zote, na chini ya kelele hizo yeye anakata pingu. Ngoma hapo si pambo, ndiyo inayomtoa. Sauti ya tupa tuliipata kwa kukwaruza kifuu kitupu kwenye mbuzi ya nazi. Watoto hawakutaka kuacha.

Mzozo ulikuja mwishoni. Waandishi wamemfanya mtoto wa Liyongo aitupe sindano ya shaba, ambayo siri ya kumuua Liyongo ni kumchoma nayo kitovuni, amkumbatie babake, kisha wote wacheze. Eti watoto wataota vibaya. Siku ya mazoezi mjukuu wangu wa miaka minane akauliza: "Mbona mamake Liyongo aya kisimani kulia, na yeye hakufa?" Hakuna aliyemjibu.

Kwani bila sindano, kisima ni cha nini? Liyongo amepiga goti hapo, mshale upo upindeni, na mji mzima unakaa na kiu kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa. Mamake anaombwa aende amwimbie, moyo upoe. Wimbo huo ndio mzuri kuliko zote, na sasa hauna pa kukaa. Tena Liyongo alimshuku mwanawe, na siri ya sindano akampa vilevile. Hilo watoto hulielewa upesi kuliko sisi. Muhamadi Kijumwa, mchonga milango wa papa hapa Lamu, alipoutunga utenzi wake mwaka 1913 hakuificha sindano.

Damu sitaki kuiona hata mimi. Tundikeni shuka nyeupe, fanusi nyuma yake, kivuli cha mkono kiinuke. Hapo matari yote yanyamaze kwa pamoja. Bibi yangu hakuwa hata na shuka. Alitusimulia gizani, na akifika kwenye kitovu hunong'ona. Tulilala tumejifunika vitovu kwa mikono miwili, asubuhi tukaenda chuoni kama kawaida.

Wasichana washajua kupiga. Sasa nawafundisha kunyamaza, kazi ngumu zaidi, maana daima kuna mmoja anayechelewa. Wimbo wa mama kisimani nimewazuilia wenye mchezo mpaka wamjibu mjukuu wangu.

Mpiga matari,
Langoni, Lamu