Binti yangu wa miaka 9 amegeuka yaya wa mdogo wake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Texas na mume wangu na watoto wetu wanne. Kifungua mimba ni binti wa miaka 9, anafuatiwa na wavulana wawili, wa miaka 7 na 6, kisha kitinda mimba, wa kiume pia, ambaye ametimiza mwaka na nusu. Wale watatu wakubwa nawasomesha mwenyewe nyumbani. Nakuandikia kuhusu binti, ingawa vurugu zote anazifanya mdogo wake.

Kwanza nieleze kwa nini hawaendi shule, maana mama mkwe huniuliza kila tukipigiana simu. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu. Hukaa barabarani wiki mbili tatu, kisha hurudi kupumzika siku chache, na siku hizo huangukia popote, hata Jumanne hadi Alhamisi. Binti alipokuwa shule, baba alimwona jioni tu, mtoto amechoka na bado ana kazi za mwalimu. Sasa baba akirudi tunafunga madaftari. Akiondoka tunasoma hata Jumamosi. Kiswahili nacho kimerudi. Ilifika mahali binti anamjibu bibi yake kwa Kiingereza kitupu.

Serikali haina ugomvi nasi. Hapa Texas, hukumu ya mahakama ya juu ya jimbo ya mwaka 1994 ilithibitisha kuwa familia inayosomesha nyumbani ni kama shule binafsi. Unatakiwa uwe na mtaala unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, na usomeshe kweli, si kwa jina. Mkaguzi haji. Mtihani wa jimbo, ambao wenzao wa shule za umma huanza kuufanya darasa la tatu, wetu hawalazimiki. Nimeupenda uhuru huo, ila maana yake ni kwamba mtoto akibaki nyuma hakuna wa kunigutusha. Lazima nione mwenyewe, na nimeona.

Asubuhi baada ya chai tunakaa kwenye meza ya chakula. Wa miaka 6 anajifunza kusoma. Kiswahili alikwenda mbio, ba be bi bo bu, mara anasoma ujumbe wa bibi kwenye simu. Kiingereza kinamtaka mtu ubavuni, maana herufi zilezile hubadili sauti kila neno, na ukimwacha kidogo anaanza kubuni. Wa miaka 7 yuko kwenye kutoa kwa kukopa, akikwama analia. Hapo ndipo kitinda mimba anapanda kiti, anahamia mezani, anatafuna kifutio. Maharage tuliyokuwa tukihesabia nimeyapiga marufuku tangu aliposokomeza moja puani.

Usinijibu kuhusu vitu vya kuchezea, Shangazi. Kikapu cha vitu vinavyotoka wakati wa masomo tu kilisaidia mpaka akavizoea. Kizimba anakitikisa na kupiga mayowe mpaka jirani anagonga ukuta. Kiti chake cha kulia na vipande vya ndizi hunipa ukurasa mmoja. Katuni sitaki, nimeona wa marafiki zangu wanavyokuwa kioo kikizimwa. Usingizi wa asubuhi, ambao ndio ulikuwa shule yetu hasa, ameuacha. Analala baada ya chakula cha mchana, wakati kaka zake nao wanasinzia. Nje nako, Julai na Agosti joto hupita nyuzi 38, bembea haishikiki.

Kilichosaidia ni binti. Hakuna aliyemtuma. Akisikia mdogo wake anaanza, anainuka, anambeba kiunoni, wanaingia chumbani. Anambadilisha pampasi, anamwimbia, anampa maji. Nyumba inatulia, wavulana wanasoma. Yake anasema atamalizia baadaye, na baadaye ni usiku, macho yamelegea. Nilipompa hesabu za kugawanya kwa tarakimu mbili, nikakuta yuko palepale alipokuwa kabla ya Ramadhani. Halafu tulikwenda maktaba, mkutubi akamwuliza yuko darasa la ngapi. Akajibu, "Mimi ndiye ninayemshika mtoto." Kwa fahari kabisa.

Nilimweleza mume wangu akacheka. "Hata sisi tulibebwa na dada zetu." Ni kweli, mimi pia nilibebwa na dada yangu. Lakini dada alinibeba akishatoka shule. Asubuhi yake ilikuwa ya mwalimu, hakuna aliyeigusa. Huyu wangu asubuhi yake ndiyo inayoliwa. Nikilisema hili mume ananiona nimeshika uzungu. Mama mkwe yeye ana jibu moja: "Nimezaa saba, na wote niliwapeleka shule ili nipumue."

Ningekuwa Tanga ningetafuta dada wa kazi. Hapa kituo cha kulelea watoto mchana kingekula pesa ya kodi. Kumwalika mdogo wangu haisaidii, visa ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, na angekuja kwa miezi tu. Mama mmoja Mkongo, ambaye naye anasomesha nyumbani, amependekeza tubadilishane: siku moja wadogo wote kwake, siku nyingine kwangu. Ana pacha wa miaka 2. Namwamini, ila sijui kama siku yangu ya zamu nitafundisha chochote.

Lililobaki ni kumrudisha binti shule Agosti, wavulana wabaki. Lakini hapo aliyesaidia ndiye anayetolewa, na siku za baba zitampita yeye peke yake. Au nisimamishe Kiingereza cha yule wa miaka 6 kwa mwaka mzima, nimshike kitinda mimba mwenyewe, binti apate meza. Sheria haisemi lazima asome kwa kasi gani. Moyo wangu umeelemea huku, ila mume anasema nitawatoa kafara wavulana kwa ajili ya msichana ambaye hajalalamika.

Wewe ungefanya lipi, Shangazi? Na wasomaji mliowahi kusomesha watoto nyumbani huku mnalea, yule mdogo mlimweka wapi kati ya saa tatu na saa sita asubuhi? Nisaidieni pia maneno ya kumwambia binti, kwa sababu kazi hii anaipenda, na mdogo wake akilia siku hizi hamtaki mwingine, hata mimi.

Mama wa wanne,
Texas