Risala ya Waokota Taka wa Pugu Dampo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazee wetu, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Karibu Pugu Dampo. Tuliliona gari lako likipandisha vioo pale kwenye kona, wala hatukulaumu. Hata ndugu zetu wakija msibani hufanya hivyo. Na nzi hawa tunawaombea radhi mapema.

Wengi wetu tunaishi hapa hapa Kinyamwezi. Gari likishamwaga, tunaingia na kulabu ya nondo na kiroba: chupa za plastiki kivyake, skrepa kivyake, maboksi kama hayajalowa. Mara nyingi yamelowa. Boksi lililotoka Kariakoo likiwa limelaliwa na maganda ya ndizi na ugali uliochacha halina mnunuzi. Mheshimiwa, sehemu kubwa ya taka za jiji hili la Dar es Salaam ni za jikoni. Zingetengwa huko huko majumbani zingekuwa mbolea, na hizo nyingine zingetufikia kavu, zina bei. Lakini vyote hufungwa pamoja, na pampasi, na sindano. Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi alichomwa sindano, ikapenya kandambili. Kwenye zahanati swali la kwanza aliloulizwa ni alikuwa anatafuta nini huko.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoka na moshi na harufu ya dampo lililokuwa kwao, walilishtaki Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Walikuwa na haki yao. Ila taka hazikuisha. Zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha zikaja kwetu. Dampo likihama, madereva huonyeshwa njia mpya. Mwokotaji hujua siku anapokuta geti limefungwa. Ndiyo maana ombi letu kubwa ni kuorodheshwa, jina kwa jina, kabla ya uamuzi wowote wa kulihamisha au kulifunga dampo hili, na tukae kwenye kikao kinachoamua.

Na wanaoishi chini ya kilima hiki nao waorodheshwe. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, kule Kampala, liliporomoka likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Tangu siku hiyo, mvua ikikaza usiku, wapo majirani zetu wanaobeba watoto na mikeka kwenda kulala kwa ndugu.

Glovu na buti tumeziomba kila mwaka. Mwaka huu tunazitaja tu.

La mwisho ni mzani. Dalali hupima kwa mzani wake, na kiroba kinachomvunja mtu kiuno husoma kilo ambazo hata mtoto anabeba. Tulichangishana tukanunua wa kwetu. Dalali akautazama, akacheka, akasema huo ni wa kupimia vitunguu. Tunakuomba utusaidie Wakala wa Vipimo waje wauhakiki na kuubandika stika, tuone kama ataucheka tena. Wenyewe ule pale chini ya mwarobaini, na kiroba cha kwanza tumekuwekea wewe upime.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.