Bei ya kuzoa theluji: barua kwa rafiki aliyeko Minneapolis

Mabatini, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na mvua za vuli zimeanza. Umeniuliza uwatoze majirani kiasi gani sasa kwa kuwa umenunua mashine ya kurusha theluji, ukisema mimi ndiye wa kuulizwa kwa sababu riziki yangu ni kuzoa mchanga unaoporomoka kutoka milimani na kujaza mitaro ya watu. Theluji sijapata kuigusa, ila ubishi wa malipo naufahamu vizuri.

Usitoze kwa saa, kwani mwenye mashine anayemaliza upesi atalipwa kidogo kuliko mwenye koleo anayejikongoja. Tazama urefu wa njia ya gari na kina cha theluji, kisha weka viwango viwili, tuseme chini ya sentimita 10 na zaidi ya hapo, ili jirani aweze kupima mwenyewe kwa rula mlangoni pake. Theluji iliyolowa, ambayo umesema huziba mdomo wa mashine, iwe na nyongeza. Mchanga wangu mbichi nao una bei yake, na hakuna anayelalamika, maana kila mtu hapa amewahi kuunyanyua.

Kinacholeta ugomvi hasa ni kazi inayojirudia. Gari la manispaa la kusukuma theluji likipita baada yako, linaacha tuta gumu mdomoni mwa njia uliyokwisha kuisafisha, na mwenye nyumba atakuuliza, "Si nilishakulipa?" Mimi nakutana na swali hilo kila mvua ya usiku inapoteremsha mchanga wa nyumba ya juu kwenye mtaro niliouzoa jioni. Kwa hiyo kubalianeni mapema, theluji ikiwa bado haijaanguka, kama tuta limo ndani ya bei au lina malipo yake. Kwa maoni yangu linastahili nusu ya bei.

Anayetaka kulipia msimu mzima mkubalie, kwa kuwa fedha yake itakununulia petroli kabla ya kazi kuanza, lakini andikeni idadi ya mara utakazokwenda. Na kwa kuwa mji wenu unawapa wenye nyumba saa 24 baada ya theluji kukoma wawe wamesafisha njia ya waenda kwa miguu, usipokee nyumba nyingi kuliko unazoweza kuzimaliza katika muda huo, maana ukichelewa, atakayeandikiwa na manispaa ni jirani, si wewe.

Yule bibi wa nyumba ya kona msafishie bure, tena mchana kweupe, na wengine uwaambie hivyo. Punguzo la siri likigundulika, kila mtu atadai la kwake.

Kabla hujatangaza bei, waulize vijana wanaozoa kwa koleo mtaani kwenu wanatoza ngapi, kisha uniandikie.

Wako,
Rafiki yako wa Mabatini