Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Madaftari ya Diko Yasiozee Kabatini

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, naandika hadharani kwa sababu barua zangu 3 za ofisini hazijajibiwa. Wiki iliyopita umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta ya chumba cha takwimu haikuwaka tena. Fundi anasema diski imeungua. Humo mlikuwa na vipimo vya miaka 9: changu, tasi, kolekole, pweza, vyote vilivyochukuliwa alfajiri dikoni, wavuvi wanaposhushia samaki, na vijana waliolipwa nauli tu. Mimi mwenyewe nimesimama pale na ubao wa kupimia huku mvua ikininyeshea, na wavuvi wakinivumilia ilhali wachuuzi wanawasubiri. Niliwaahidi kwamba vipimo vile havitapotea. Sasa nikipita dikoni nawaambia nini?

Nawe uliahidi, kwenye kikao cha watumishi, kwamba nakala zitapelekwa OBIS, hazina ya takwimu za viumbe wa bahari, kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ule umekwisha, na mwingine juu yake. OBIS, iliyo chini ya UNESCO tangu 2009, haitudai ada. Inataka jina la kisayansi la kiumbe, tarehe na mahali alipopatikana, vipangwe kwa mtindo mmoja ili mtafiti wa Mombasa au Maputo avisome bila kumpigia mtu simu. Kuvipanga nitavipanga mimi, usiku, nyumbani kwangu.

Nadhani hofu ni kuibiwa. Naielewa. Lakini takwimu zikiwekwa hazinani hubeba jina la aliyezikusanya; kabatini hazimtaji mtu. Mwaka 1957 Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa mahasimu, lakini wanasayansi wao walikubaliana vipimo vya dunia, anga na bahari vihifadhiwe kwenye vituo vya pande zote mbili, kimoja kikipatwa na balaa kingine kisalie. Sisi tulishindwaje kuweka nakala hata jengo la pili?

Yamebaki madaftari 14 ya karatasi. Yamo kwenye kabati lililofungwa, ufunguo anao katibu muhtasi wako, na maji ya paa yameshafika rafu ya juu. Naomba ruhusa ya maandishi niyapige picha na kuyapeleka. Karatasi moja yenye saini yako, Ndugu Mkurugenzi. Hata mistari miwili inatosha. Masika imekaribia, na paa bado linavuja.

Wako katika kazi,
Mtafiti wa samaki, idara yako