Mdogo wangu, hilo jina msimchagulie Mwingereza

Mdogo wangu,

Orodha yako nimeipata, na tangu niisome sina raha. Oliver, Emma, Max, Adam, Lily. Mtoto baba yake Mpolandi, mama yake wa Tanga, anazaliwa Southampton, halafu orodha nzima utadhani kaiandika jirani yenu wa ghorofa ya chini. Ukaongezea na maneno: "Tunataka jina lisilosumbua." Lisimsumbue nani? Nakujibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kina dada walioolewa na Wapolandi huku Uingereza mko wengi, na mkisoma pamoja mtanipunguzia simu za usiku.

Najua hofu hiyo imetoka kwa shemeji. Yeye ni Grzegorz, kazini wanamwita Greg, na kashakubali yaishe. Nilimsikia siku ile akiongea na watu wa umeme, anataja herufi moja moja, g, r, z, e, kisha anarudi mwanzo kwa sababu wa upande wa pili kaisikia z kama c. Ukiishi hivyo miaka na miaka, hata ningekuwa mimi ningetaka mwanangu aitwe Max nipumzike. Ila shemeji alikuja mtu mzima, katika lile wimbi lililofuata baada ya Poland kuingia Umoja wa Ulaya mwezi Mei 2004, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea kazi tu. Mwanenu Kiingereza atakikuta nje ya mlango. Mwalimu akilikosea jina, atamsahihisha mwenyewe, tena kwa lafudhi ileile ya mwalimu. Na mwalimu wa siku hizi si mgeni wa majina hayo. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu wapatao 612,000 katika England na Wales ambao lugha yao kuu ni Kipolandi. Ukiacha Kiingereza na Kiwelshi, hakuna lugha iliyoizidi. Mwingereza atajifunza. Muda anao.

Masikio ya kuyaogopa ni mawili: la mama kule Tanga na la mama mkwe wako. Hao ndio watakaolipaza jina hilo kwenye simu kila Jumapili. Na hapo mna bahati ambayo sidhani kama mmeiona. A, e, i, o, u za Kipolandi ni kama zetu. Mkazo wao kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Sh, ch na ny wanazo, basi tu wameamua kuziandika kwa sz, cz na ń. Mwandikie mama "Mikołaj", atakodolea macho ile ł yenye mkato. Mtamkie "Mikowai", atalirudisha kama lilivyo. Jirani yenu wa chini ndiye atakayehangaika na ile j ya mwisho.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mnapoweza kuumbuka. Mpolandi haiti mtu kwa jina la cheti. Kila jina lina la kudekeza, na hilo ndilo litakaloishi nyumbani, kwa shangazi na kwenye keki. Kwa hiyo msipime jina, pimeni la kudekeza, tena kwa sauti. Katarzyna ni jina zuri, la kifalme, lakini nyumbani atakuwa Kasia, na wao wanatamka "Kasha". Mama ataona kasha la kanga. Barbara atakuwa Basia, yaani "Basha", na hilo silifafanui hapa, wenye Pwani yao wanajua. Mtajie mama uone simu itakavyokatika. Zuzanna ataanza na Zuza, siku moja binamu atamwita Zuzu, na maana ya zuzu hakuna asiyeijua Tanga. Jakub ni Yakubu wetu, halina neno, ila ataitwa Kuba, na wajomba unawajua: kila wakimwona watamuuliza habari za Castro.

Hata ya cheti yenyewe yana mitego. Hanna, ambalo Poland limejaa kila darasa, kwetu watauliza hana nini. Halina ndiyo kabisa. "Jina la mtoto?" "Halina." Nakuona unavyolieleza hilo kwenye arubaini.

Mama mkwe naye ana mizani yake. Jikoni kwake kuna ile kalenda yenye majina chini ya kila tarehe, kwa sababu kwao siku ya jina inasherehekewa, na wazee wengine wanaipa uzito kuliko siku ya kuzaliwa. Zofia ni tarehe 15 Mei, Barbara 4 Desemba. Mpe jina lenye siku yake, akupikie keki kila mwaka. Ugomvi na mama mkwe kwa ajili ya Lily hauna faida.

Na asikwambie mtu kwamba majina hayo ni ya kigeni kwetu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa na Wasovieti kwa nguvu walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 takriban 5,000 kati yao, wengi wanawake na watoto, wakawekwa Tengeru, pale karibu na Arusha. Walikuwa na shule, kanisa na mashamba. Kambi ilipofungwa, wengine walikuja kuishi hapahapa Uingereza. Waliofia kule wana makaburi yao mpaka leo, majina ya Kipolandi yamechongwa kwenye mawe chini ya Mlima Meru. Mkienda kumtembeza mtoto kaskazini, pitieni.

Haya, ya ofisini, maana najua hujayaulizia. England mna siku 42 za kumsajili (Scotland ni 21, usije ukasikiliza ushauri wa shoga yako wa Glasgow). Akiwa wa kike, mwambie msajili mapema kwamba jina la ukoo linaishia -ska, si -ski kama la baba yake. Sheria ya hapa haiwalazimishi kunakili la baba herufi kwa herufi, lakini msiposema, ataandika analoliona kwenye karatasi za shemeji, halafu mtoto awe na pasipoti mbili na majina ya ukoo mawili. Jina la kwanza linaweza kubadilishwa kwenye usajili ndani ya miezi 12. La ukoo si rahisi hivyo. Kisha cheti hicho mtakiingiza kwenye daftari la Poland, maana bila hivyo pasipoti ya kule haitoki. Kwa sheria yao, iliyoanza kutumika mwaka 2015, mtoto anapewa majina yasiyozidi mawili, na la kudekeza haliandikwi kama jina rasmi. Tumieni mawili tu kotekote, msijisumbue. Kuhusu ł na ń, msikose usingizi: ile mistari miwili ya chini kwenye pasipoti inasomwa na mashine, haina mikato ya mtu yeyote.

Mambo ya ubatizo na akika siingii. Hayo mtayamaliza ninyi wawili, mlango ukiwa umefungwa.

Mapendekezo yangu? Wa kiume, Adam abaki, ndiye pekee niliyemwona wa maana kwenye orodha yako. Wa kike, Joanna. Wanatamka "Yoanna", na la kudekeza la Joanna ni Asia. Lisome Kipolandi: "Asha". Marehemu bibi mzaa mama, mdogo wangu! Mama mkwe atamwita mjukuu wake kama Wapolandi wanavyowaita kina Joanna wote, mama atamwita kwa jina la mama yake, na hakuna aliyemwongopea mwenzake. Hata Mwingereza, ambaye sikumfikiria kabisa, Joanna anaye kwao zamani. La pili wekeni mnalotaka.

Ila anza na mama mkwe. Mama ukishamtajia Asha hatarudi nyuma, hata mkimzaa wa kiume. Na Lily umfute leo.

Dada yako