Risala ya Wahudumu wa Wazee, Mbagala, kwa Mgeni Rasmi: Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni wahudumu wa kujitolea, tunapita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali wazee. Kila kibaraza tunapokelewa na jibu lilelile: "Ni uzee tu huo." Mzee kapotea njia ya msikitini, uzee. Kaacha gesi inawaka, uzee. Kwingine wanasema karogwa, au yeye ndiye mchawi, na hapo maisha yake yako hatarini. Sisi tunasema mzee apimwe, akili yake na uwezo wake wa kujitegemea.

Ila kipimo kimfae anayepimwa. Kile kilichozoeleka duniani tangu 1975, kiitwacho MMSE, chenye alama 30, kinamtaka mtu asome, aandike sentensi na kunakili mchoro. Yuko bibi hapa mtaani ambaye hajawahi kushika penseli. Anauza vitumbua, anajua anamdai nani na shilingi ngapi, na chenji hakosei. Mpe karatasi achore, utamwandika mgonjwa bure. Ndiyo maana tunajivunia kipimo kiitwacho IDEA, cha kutambua dalili za ugonjwa wa kusahau (dementia), kilichotokana na utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa anapoishi ni nani, daraja ni nini. Anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa, kisha anakumbuka maneno kumi aliyosomewa. Alama ni 15. Akipata 7 kushuka chini, apelekwe kwa daktari.

Alama peke yake hazitoshi. Mwalimu mstaafu mmoja alijibu kila swali kwa ufasaha, tukataka kuondoka. Binti yake akatufuata mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Baba siku hizi vidonge vya presha anameza mara mbili, na pensheni hajui imekwendaje." Tangu hapo hatuondoki bila kumuuliza anayeishi na mzee: anaoga na kuvaa mwenyewe? Chooni anakwenda? Simu, dawa, pesa, daladala, anaviweza kama mwaka jana?

Tunasisitiza jambo moja zaidi. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi, sukari imeshuka, au dawa zimegongana, na mengi ya hayo yanatibika. Wengine wanaonekana wamesahau kumbe masikio yamezibwa na nta, au wana sonona tangu wafiwe na mwenzi.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto kubwa ni nafasi na muda. Zahanati nyingi zina dirisha la wazee, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inatambua haki yao ya matibabu. Lakini mzee asiyesikia vizuri hawezi kupimwa akili koridoni, watoto wanalia na foleni inasukumana.

Tunaomba chumba kimoja chenye utulivu, hata kwa siku moja ya wiki. Tunaomba wauguzi wapewe mafunzo ya kipimo cha IDEA. Tunaomba pia fomu ya rufaa ambayo daktari ataijibu, ili tujue mzee tuliyempeleka ameishia wapi.

Tunaomba kuwasilisha.