Malalamiko kuhusu ziara ya Pittsburgh: tulilipia matanuri, tukapelekwa madukani

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: ZIARA YA JIJI LA CHUMA, JUMAMOSI ILIYOPITA, TIKETI NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilikata kwenu tiketi nne kwa dola 85 kila moja, jumla dola 340: yangu, ya mke wangu, ya binti yetu na ya baba yangu mzazi. Kampuni zinazozungusha watu Pittsburgh ni nyingi. Niliwachagua ninyi kwa sababu tangazo lenu liliahidi mambo mawili: mtembezaji anayezungumza Kiswahili, na saa moja na nusu ndani ya matanuri ya Carrie, yale ya zamani ya kuyeyushia chuma. Mtembezaji wa Kiswahili tulimpata. Matanuri hatukuyakanyaga.

Mzee wangu amestaafu baada ya miaka 27 ya kuyeyusha chuma. Majumba marefu hayamshughulishi, na picha za kujipiga ndiyo kabisa. Lakini alipoambiwa kwamba kuna matanuri mawili, nambari 6 na 7, yaliyojengwa 1907, marefu takriban mita 28, na kwamba mgeni anaweza kusimama miguuni pake akatazama juu, hakupata usingizi. Ujumbe wenu wa simu ulituagiza tuvae viatu vya kufunika vidole, la sivyo tusingeruhusiwa kuingia. Akanunua buti. Ameshinda nazo madukani.

Asubuhi ilikwenda vizuri, sitawanyima haki yenu. Pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuwa Ohio, maelezo yalieleweka hata kwa mtoto. Tulionyeshwa pia jengo la ghorofa 64 lililojengwa na kampuni ya U.S. Steel, ambalo leo kileleni lina herufi za UPMC, yaani hospitali. Kwa jengo hilo moja mtembezaji alitueleza jinsi jiji lilivyobadili kazi, na nilimvulia kofia. Kule Mlima Washington tulipewa dakika 15 tu baada ya foleni ndefu ya kupanda kiberenge cha Duquesne, kigari cha reli kinachopandisha watu mlimani. Hilo nimelisamehe.

Shida ilianzia Homestead. Basi lilisimama kwenye maduka ya The Waterfront, tukaambiwa tuna saa mbili za kula na kununua. Mzee akaona mabomba ya moshi ya matofali, 12, yamejipanga mstari mmoja karibu na maegesho. Akauliza ni ya nini. Akajibiwa kwamba ni mapambo ya eneo la maduka.

Mapambo! Ndugu Meneja, hapo mlipotushusha ndipo kilipokuwa kiwanda cha chuma cha Homestead cha tajiri Andrew Carnegie, kilichofungwa mwaka 1986. Mabomba yale ni masalia yake. Mwendo wa miguu kutoka hapo, kando ya mto, lipo jengo la pampu ambako tarehe 6 Julai 1892 wafanyakazi waliofungiwa nje ya kiwanda walipambana na walinzi wa kukodi wa Pinkerton wapatao 300, walioletwa kwa matishari. Watu walikufa pande zote mbili. Haya sikuyasikia kwa mtembezaji wenu. Binti yangu aliyasoma kwenye simu tukiwa tumekaa benchi, akamsimulia babu yake. Kwa hiyo sehemu bora ya ziara yenu ilitolewa na mtoto wa miaka 14, bure.

Saa mbili zilipokwisha, mtembezaji alinyoosha kidole ng'ambo ya mto: yale pale matanuri ya Carrie, pigeni picha haraka, tumechelewa. Tulipokuwa tukipanda basi, dereva aliniambia kando kwamba nafasi ya kuingia haikuwa imewekwa tangu mwanzo. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Kuchelewa ni ubinadamu; kuuza mlango ambao hukuuomba ufunguo ni jambo jingine.

Njiani kurudi tukaambiwa kwamba hakuna tena kiwanda cha chuma eneo lote hili. Si kweli. Kiwanda cha Edgar Thomson kule Braddock kilianza kazi 1875 na bado kinayeyusha chuma, kilomita chache tu kutoka tulipokuwa. Mzee angeridhika hata kukiona kwa mbali kupitia dirisha la basi.

Nilipiga simu kwenu Jumatatu. Nikajibiwa kwamba masharti yanaruhusu mabadiliko ya ratiba, nikapewa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Mabadiliko ni mvua, au barabara kufungwa. Kitu ambacho hakikupangwa kitabadilikaje? Na hiyo safari ijayo siihitaji.

Ninachotaka ni kurudishiwa dola 170, nusu ya nauli, kwenye kadi ileile niliyolipia. Pamoja na hilo, mzee ataondoka mwishoni mwa mwezi. Mkiweza kumlipia kiingilio cha Carrie na usafiri kabla ya hapo, nitakubali dola 85 badala ya 170. Tangazo nalo liondoeni au litimizeni, maana nimeliangalia leo asubuhi na bado linasema saa moja na nusu ndani ya matanuri.

Msimfukuze mtembezaji. Kijana ana Kiswahili kizuri na sauti ya kusimulia. Mpeni siku moja ya kuzunguka Homestead kwa miguu kabla hamjamrudisha kwenye basi.

Nangoja majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapinga malipo benki na kuwasilisha lalamiko kwa kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Pennsylvania. Nimeambatisha risiti, nakala ya tangazo, ujumbe wenu kuhusu viatu, na picha ya matanuri iliyopigwa kutoka ng'ambo ya mto.

Mteja wenu,
Mwenye tiketi nne za Jumamosi